Kutangulia si Kufika

Wazee wetu walinena kwamba kutangulia si kufika. Methali hii nimeiandika ubaoni mara nyingi katika miaka yangu ya ualimu, nikiwaonya watoto wanaojivuna kwa kumaliza hesabu kabla ya wenzao. Sikudhani kwamba ingekuja kunigeukia mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, kwenye njia ya miguu inayoteremka kutoka milima ya Umatengo kwenda Ziwa Nyasa. Katika kurasa hizi napenda kulitafakari swali ambalo huenda msomaji akaliona dogo mno: watu wanapotembea pamoja, waende kwa mwendo wa nani? Wa aliye mbele, wa walio wengi, au wa yule wa nyuma kabisa? Ni dogo, ndiyo, kama changarawe iliyoingia kiatuni. Lakini aliyepata kutembea na changarawe kiatuni siku nzima anajua kwamba udogo wake haumsaidii kitu.

Hapa Mbinga mjini tunacho kikundi cha watembeaji. Hakina jina, hakina muhuri, wala hakijaandikishwa mahali popote. Kilianza na walimu wanne, muuguzi mmoja, fundi cherehani na bwana shamba mstaafu. Sababu ya kuanza haikuwa ya kishairi hata kidogo. Wawili kati yetu tulikuwa tumeambiwa na daktari kwamba shinikizo la damu limepanda, na kwamba mtu anayekaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, kisha akala ugali wa watu wawili, asije akamsingizia mchawi. Basi tukaanza kutembea Jumamosi alfajiri, kwanza hadi mwisho wa mji, kisha hadi kilima cha kwanza, kisha cha pili, na mwishowe tukawa watu wa milimani.

Wenzetu wa Ulaya wana majira ya machipuko, na hapo ndipo vyama vyao vya kupanda milima huamka kutoka usingizini. Mambo hayo kwao ni ya zamani. Chama cha wapanda milima cha London kilianzishwa mwaka 1857, na hata jirani zetu wa Kenya wanacho chao tangu mwaka 1949. Sisi huku hatuna machipuko. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Lakini baina ya mvua kukoma na kipupwe kukolea yapo majuma machache ambayo nchi hii humfanya mtu ajute kwa nini alizaliwa na miguu miwili tu. Vijito vimejaa, majani bado mabichi, kahawa inaanza kubadilika rangi, na maharage yaliyopandwa Machi yamesimama juu ya matuta ya ngoro katika miteremko ambayo mgeni angeapa kwamba hata mbuzi hawezi kusimama. Majuma hayo ndiyo yetu. Tunatembea Jumamosi tatu za kujizoeza, na ya nne tunafanya safari kubwa: kuteremka milima yote hadi ufukweni.

Mwanzoni watu wa vijijini hawakutuelewa. Walipoona kundi la watu wazima wakipita alfajiri, hawana jembe, hawana mzigo, wala hawazungumzi kwa sauti, walisimama kando ya njia na kutuuliza kwa huruma: "Poleni jamani, msiba uko wapi?" Tulipojibu kwamba hakuna msiba, tunatembea tu, walitutazama kwa namna ambayo sikuipenda. Kwao kutembea ni kazi. Mtu huenda shambani, kisimani, kliniki, au guliani. Kutembea bila kwenda mahali ni jambo la mtu aliyeshiba. Nilicheka wakati ule. Baadaye nilikuja kuona kwamba swali lao lilikuwa na akili kuliko jibu letu.

Ziwa Nyasa liko kwenye mita 470 hivi juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya miinuko ya Umatengo inakaribia mita 2000. Siku hizi barabara ya lami inafika Mbamba Bay, na mtu aweza kukaa ndani ya gari akaiacha baridi ya Mbinga na kushukia kwenye joto la ziwani bila kutoa jasho. Lakini njia za miguu bado zipo, na hasa zile zinazoelekea upande wa Liuli, katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Njia hizo ni za siku nyingi. Watu wa ziwani walipanda nazo wakiwa na samaki, na watu wa milimani waliteremka nazo wakiwa na mahindi na maharage. Sisi wa kikundi ni wageni humo.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2014, mwishoni mwa Mei, nilikuwa kiongozi wa safari kubwa. Tulikuwa watu kumi na saba. Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja tuliyemwita Mkuu, kwa kuwa aliwahi kuwa mwalimu mkuu wa wawili kati yetu, nami nikiwa mmoja wao. Umri wake ulikuwa miaka sitini na mitatu. Alikuwa mtu wa mzaha, mwenye kofia ya ukili na fimbo aliyoichonga mwenyewe. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumetumia saa tisa na nusu kufika ziwani, na mimi, sijui kwa shetani gani, nilikuwa nimeazimia kwamba chini ya uongozi wangu tutafika kwa saa tisa. Nilikuwa na saa mpya ya mkononi. Niliitazama mara nyingi kuliko nilivyotazama milima.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Hadi kwenye saa nne Mkuu alikuwa amekwisha kuwa wa mwisho, na kila tulipomsubiri alifika akitabasamu huku anahema, nasi tuliokwisha kupumzika tukasimama mara moja na kuondoka. Ndugu msomaji, angalia ukatili uliomo katika jambo hilo, ambao mimi sikuuona: mwenye nguvu hupumzika, na mchovu hanyimwi kitu ila ile pumziko tu. Kwenye saa nne na nusu, mahali njia inapoanza kuporomoka, aliketi juu ya jiwe, akajifuta jasho, akasema: "Tangulieni, wanangu. Mimi naja taratibu."

Nilimwambia kijana mmoja, mpwa wa yule muuguzi, abaki naye. Kisha tukatangulia. Baada ya saa moja kijana yule akatufikia mbio, akiwa na furaha ya ndama aliyefunguliwa kamba. "Mkuu amenituma," alisema. "Amesema njia anaijua." Nilisimama kidogo. Naikumbuka sana nukta ile, kwa kuwa ndani yake nilijua kabisa lililo sawa. Nikaitazama saa yangu, nikasema, "Haya, twendeni."

Tulifika Liuli saa tisa kamili alasiri. Nilishangilia. Tulioga ziwani, tukala mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo, na watu wakanipongeza. Saa kumi na moja Mkuu hakuwa amefika. Huko juu milimani wingu lilikuwa limeshuka na manyunyu yameanza. Saa kumi na mbili wawili wetu walichukua tochi wakarudi njiani. Mimi sikwenda. Si kwamba sikutaka. Miguu yangu, kwa kukimbizana na saa, ilikuwa imekwisha kabisa, na magoti hayakukunja. Kiongozi aliyewahi kufika kuliko wote ndiye hakuweza kurudi kumtafuta aliyemwacha.

Walimkuta katika giza, akishikwa huku na huku na wanawake wawili, na wa tatu yuko mbele na taa, mtoto mgongoni. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka vibaya muda mfupi baada ya kijana kumwacha. Alikuwa ameketi peke yake karibu saa mbili kabla ya wanawake hao kumkuta. Wao hawakuwa wakiteremka. Walikuwa wakipanda, wakiwa na matenga ya usipa kichwani, wawahi gulio la kesho yake huko juu. Walitua mizigo, wakaificha chini ya mti na kuifunika kwa majani, wakageuka na kumteremsha mtu wasiyemjua, hatua kwa hatua, kwa muda wa saa tano. Usiku ule manyunyu hayakukatika. Kesho yake mmoja alipokwenda kutazama, usipa ulikuwa umelowa na kuanza kuvunda, na siafu wamekwisha kuufikia. Mtaji wa wanawake watatu ulikwisha hapo.

Asubuhi tulichanga fedha, tukazitia katika bahasha, nami nikatoa hotuba fupi ya shukrani, kwa maana walimu hatuwezi kutoa hata chumvi bila hotuba. Mkubwa wao, mama wa kama miaka hamsini, alinisikiliza hadi mwisho. Akafungua bahasha, akazihesabu noti, akatenga sehemu, na sehemu iliyobaki akanirudishia.

"Hizi ni za usipa," alisema. "Hizi nyingine za nini, baba?"

"Ni za asante, mama."

"Asante nimeisikia." Akakunja zile alizochukua na kuzifunga katika pindo la kanga. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama mtu anayetaka kujua tu: "Sisi tulikuwa tunawahi gulio. Ninyi mlikuwa mnawahi nini?"

Sikuwa na jibu, na tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta. Katika kulitafuta nimejaribu kwanza kujitetea, maana ndivyo binadamu alivyo. Nitaziweka hapa hoja zangu za utetezi, ili msomaji azipime mwenyewe.

Hoja ya kwanza ni kwamba Mkuu mwenyewe alituruhusu. Alisema tangulieni. Si nilisikia kwa masikio yangu? Lakini kila aliyelelewa katika lugha yetu anajua neno hilo lina uzito gani. Mgeni akikaribishwa chakula husema, "Nimeshiba, ahsante." Mwenyeji anayeiondoa sahani mara tu aliposikia neno hilo, tunamwitaje? Tunamwita mchoyo, hata kama mgeni kweli alisema ameshiba. Heshima yetu inamtaka mwenye haja afiche haja yake, na inamtaka mwenzake asiyamini maneno hayo upesi. Ni mkataba wenye pande mbili. Mkuu alitimiza upande wake. Aliona haya kuwa mzigo kwetu, akatufungulia mlango. Mimi nikapita katika mlango ule kana kwamba ulikuwa wa haki. Niliichukua adabu yake nikaifanya ruhusa. Naona sasa kwamba dhuluma nyingi baina ya watu wema hutendeka kwa njia hiyo: mnyonge anasema "usijali," na mwenye nguvu kweli anaacha kujali.

Hoja ya pili ni ya wingi. Watu kumi na sita wangesubirije kwa ajili ya mtu mmoja? Hapa nakiri kwamba pana ukweli. Karne ya 19, Wangoni walipoivamia nchi hii, Wamatengo walikimbilia milimani na kwenye mapango, na huko ufukweni Liuli watu bado wanalionyesha jiwe la Pomonda ambamo wahenga walijificha. Sithubutu kumhukumu mama aliyekuwa akikimbia na watoto wawili mikononi, kama alimwacha mtu njiani. Iko dharura ambayo sheria yake ni nyingine, na hata katika safari kama yetu mtu akiumia ni lazima mwingine akimbie kuleta msaada, wala hapaswi kungoja. Lakini wale kumi na sita wangepoteza nini? Nimeziweka katika mizani: saa moja au mbili za mchana, maji ya ziwa, na samaki wa moto. Upande wa pili nimeweka mzee mmoja peke yake katika wingu. Sihitaji kuitazama mizani hiyo mara mbili. Tuliyoyaita manufaa ya wengi yalikuwa raha ya wengi, na hesabu ya vichwa haiwezi kuigeuza raha kuwa haja.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi: kila mtu mzima ni mlinzi wa nafsi yake. Baadaye Mkuu alikiri kwamba goti lilikuwa likimsumbua tangu Februari, naye hakutuambia. Je, hakutudanganya? Alitudanganya. Mtu dhaifu naye ana wajibu wake, na wa kwanza ni kusema kweli kabla ya safari, ili wenzake wajue wanaondoka na nani. Nilimwambia hivyo nilipokwenda kumjulia hali, kwa upole, lakini nilimwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Unakumbuka mlivyomcheka fundi?" Nilikumbuka. Mwaka uliotangulia fundi cherehani alishindwa njiani, na kwa mwezi mzima tukamfanyia mzaha kila tulipokutana, hata yeye akacheka. Mwaka ule wa 2014 hakuja. Mkuu aliona hayo yote. Sisi ndio tuliopandisha bei ya ukweli, kisha tukamlaumu mtu kwa kutoununua.

Basi hoja zangu zote tatu zimeanguka, na limebaki swali la mama yule. Naomba msomaji asinielewe vibaya; simfanyi mama yule kuwa malaika. Alichukua bei ya usipa wake bila kuona haya, na alikuwa na haki. Hakuwa mtu asiyejua hasara. Aliijua hadi senti. Yeye alikuwa na sababu ya kweli ya kupita, sababu ambayo ningeikubali mara moja: watoto, ada, mtaji, gulio la mara moja kwa juma. Angeweza kumpa Mkuu maji na kusema, "Pole baba, wenzako watarudi." Alikuwa na udhuru na hakuutumia. Mimi sikuwa nao, nikautunga. Methali inasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani wa mwenzio huuona mwepesi. Wao waliokuwa wamebeba mizigo ya kweli ndio waliojua kwamba wa mwenzao ni mzito.

Nimewahi kufikiri kwamba kosa liko katika kupenda kufika. Mlima Kilimanjaro, waongozaji humwimbia mgeni "polepole, polepole," na si adabu tu, kwani anayekimbilia kule juu huvamiwa na maradhi ya hewa nyembamba na kurudishwa chini. Lakini hata huko vitabu humkumbuka aliyefika. Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walisimama kileleni; jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa miongoni mwa walioongoza njia, lilikuja kutajwa baadaye sana, na ya wapagazi wengi hayakutajwa kabisa. Sisi wenyewe tulilelewa katika kutembea. Nilikuwa mtoto mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, na vijana wa mikoa mbalimbali wakatembea kuunga mkono Azimio la Arusha. Mmoja wao, kijana Seti Benjamin, alifariki njiani katika matembezi ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Shuleni tulifundishwa kumheshimu, na ni haki. Nikiwa mtoto niliona ajabu kwamba jina tulilolishika zaidi lilikuwa la yule ambaye hakufika. Sasa sioni ajabu tena.

Lakini lililoniuma zaidi halikuwa la milimani. Nimefundisha kwa miaka thelathini na minne. Katika darasa la watoto sitini, mtihani wa darasa la saba ukikaribia na ukaguzi ukikaribia, nilifundisha madawati ya mbele. Niliuliza, "Mmeelewa?" na wale wa mbele wakaitikia, "Ndiyoo!" nami nikafuta ubao. Nyuma kulikuwa na watoto ambao nao waliitikia ndiyo, kwa adabu ile ile ya Mkuu. Tangulieni, Mwalimu, sisi tunakuja taratibu. Nami nikatangulia. Shule yangu ilisifiwa kwa ufaulu zaidi ya mara moja. Mkuu, alipokuwa akituongoza, alikuwa na desturi ya kuingia darasani na kwenda kuketi dawati la mwisho, akitazama daftari la mtoto aliye karibu. Tulidhani anatupeleleza. Nadhani sasa alikuwa anapima mwendo.

Mwaka uliofuata tulibadili taratibu zetu. Anayetembea polepole kuliko wote hukaa mbele, na kiongozi hukaa nyuma kabisa. Mzigo wa aliye dhaifu hubebwa na aliye na nguvu, ili nguvu zake zipate kazi ya kufanya. Na mtu yeyote akisema "tangulieni," sote tunaketi chini pale pale, hata kama ni kwenye tope, mpaka alifute neno lake. Watu hucheka, na kicheko hicho ni kizuri.

Sitasema kwamba hakuna tulichopoteza. Vijana watano walituacha. Mmoja wao aliniambia wazi: "Mzee, mnatunyima mlima. Nguvu ninazo leo. Nikifika umri wako sitakuwa nazo." Sikuweza kumkemea, kwa kuwa alisema kweli. Kijana ana haki ya kuujua mwisho wa pumzi yake. Nilimwambia akimbie, akimbie sana, siku ambayo hakuahidi kutembea na mtu. Maana kuingia katika kikundi ni kutoa ahadi, na kitu cha kwanza mtu anachokitoa ni mwendo wake. Asiyetaka kuutoa si mtu mbaya. Atembee peke yake, wala asiite safari yake ya pamoja.

Wamatengo walikuwa na sengu, ambapo wanaume wa ukoo walikutana kula pamoja, chakula kikiletwa kutoka nyumba mbalimbali, na hapo mashauri yakaamuliwa. Desturi hiyo imefifia sana, na siiombi irudi kama ilivyokuwa. Lakini mwenye nyumba iliyopungukiwa alikula na wenzake bila kuomba, na hilo ni jambo la kukumbuka. Kadhalika kila ninapopita kwenye ngoro husimama. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba, wanawake huchimba udongo katikati na kuyafunika, na mteremko mzima huwa na mashimo kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hayapewi nafasi ya kukimbia. Hungoja shimoni, hunywea taratibu, na udongo hubaki mlimani. Wahenga wasiosoma kitabu cha kilimo walikwisha kuona kwamba maji yanayotangulia mbio huondoka na shamba.

Mkuu alitembea nasi mara mbili tena, mbele, na fimbo yake, akisimama kila alipotaka na kutueleza habari za miti. Alifariki mwaka 2019. Yule mama sijamwona tena, ingawa kila tukifika Liuli huwa nawaangalia wauza usipa mmoja mmoja. Kama ningemwona, sijui kama ningekuwa na jibu. Pengine ningemwambia tu kwamba hatukuwa tunawahi chochote, na kwamba nasikitika kuchelewa kulijua hilo.

Safari yetu ya mwisho tulifika ufukweni saa mbili usiku. Samaki walikuwa wamekwisha, tukala maharage tuliyobeba wenyewe. Mmoja wa kikundi alinung'unika moyoni kwamba kwa mwendo huu hata ziwa litahama kabla hatujafika. Aliyenung'unika ni mimi. Tabia ya miaka mingi haitoki kwa siku moja, na sitaki msomaji adhani nimekuwa mtu mwingine. Nilivua viatu, nikaingia majini hadi magotini, nikawahesabu wenzangu kwa mwanga wa taa za wavuvi. Walikuwa kumi na wanne. Tulikuwa tumeondoka kumi na wanne.